Msaada Unaofika kwa Wakati Uleule: Vijana Wenye Usonji na Miaka ya Janga

Tunapokumbuka misaada iliyotolewa wakati wa janga la COVID-19, wengi wetu hukumbuka kwanza vifurushi: maboksi yaliyopangwa, barakoa, sabuni, vitakasa mikono, na watu waliosimama nyuma yake wakipigwa picha. Siudharau msaada huo hata kidogo, kwa sababu zilikuwepo familia ambazo bila huo zingelala na njaa. Lakini miaka ile nilikuwa miongoni mwa wajitolea wa shirika dogo la hisani linalowahudumia vijana wenye usonji pamoja na vijana wengine wanaoishi katika mazingira magumu, na niliyoyaona huko yamenipa msimamo ambao ningependa kuueleza kwa kirefu: msaada uliowafaa zaidi vijana hawa ni ule uliowafikia kwa wakati uleule, kwa njia ileile na kupitia mtu yuleyule, hata ulipokuwa mdogo sana, na utaratibu wetu wa kuchangisha fedha haukuwa umejengwa kulipia msaada wa namna hiyo.

Kwa asiyeufahamu usonji, ni vyema nieleze kidogo. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani na kudumu, na ambayo hugusa namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake, na anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wamo wanaozungumza kwa ufasaha na kusoma vyuo vikuu, na wamo wasiotamka neno na wanaohitaji mtu wa kuwasaidia mchana na usiku. Pamoja na tofauti hizo, wengi wao huutegemea sana utaratibu: kujua nini kinafuata, saa ngapi, wapi na pamoja na nani. Utaratibu huo ndio unaowawezesha kuvumilia dunia yenye kelele na mambo mengi yasiyotabirika, na ukiondolewa ghafla, wasiwasi hupanda kwa kasi ambayo mtu wa nje ni vigumu kuielewa.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba COVID-19 imekuwa janga la dunia, na katika wiki chache zilizofuata shule zilifungwa katika nchi zaidi ya 190, hivi kwamba wanafunzi wapatao bilioni 1.6 wakabaki nje ya madarasa. Kwa mwanafunzi mwenye usonji, shule haikuwa darasa peke yake. Ndani yake mlikuwa na mtaalamu wa tiba ya usemi, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, msaidizi aliyekuwa akikaa naye dawati moja, dereva aliyemzoea, na kona tulivu ya kukimbilia pale kelele zinapomzidi. Vyote hivi viliondoka siku moja, mara nyingi bila hata siku ya kuagana. Mzazi aliyekuwa akipata saa kadhaa za kupumua au za kufanya kazi akajikuta yeye ndiye mwalimu, mtaalamu na mlinzi kwa wakati mmoja, huku naye akiwa na hofu ya kuugua na ya kupoteza riziki yake.

Lipo jambo jingine lililowaumiza vijana hawa ambalo nadhani viongozi wa nchi nyingi hawakulifikiria kabisa. Mwanzoni watu waliambiwa kwamba hali hiyo itadumu wiki mbili au tatu, kisha muda ukaongezwa, kisha ukaongezwa tena. Wengi wetu tuliyapokea maneno hayo kama makadirio ya mtu anayebahatisha. Vijana wengi wenye usonji huyachukua maneno kama yalivyosemwa, na kwao tarehe iliyotajwa ilikuwa ahadi. Namkumbuka kijana mmoja aliyechora kalenda ukutani na kukata kila siku kwa kalamu nyekundu hadi tarehe aliyoambiwa, na siku hiyo ilipofika akavaa sare na kukaa mlangoni tangu alfajiri. Mama yake alitupigia simu akiwa amechoka kuliko nilivyowahi kumsikia, kwa sababu hakuwa na tarehe nyingine ya kumpa mwanawe. Kuanzia hapo tukawa tunazishauri familia ziache kutaja siku ya mwisho na badala yake zijenge juma lenye mambo yanayojulikana, ili kijana ashike kile ambacho hakuna tangazo linaloweza kukifuta.

Hapo ndipo simu zilipoanza kuwa kazi yetu kubwa. Kila kijana alipewa mjitolea mmoja, siku moja na saa moja, na tukakubaliana kwamba saa hiyo haiguswi kwa mkutano wala kwa shughuli nyingine yoyote. Kijana niliyepangiwa alikuwa wa saa kumi jioni. Hakupenda kuzungumza kwa simu, jambo ambalo ni la kawaida kabisa kwa watu wenye usonji, kwa hiyo nilikuwa nikipiga, anapokea, anakata, kisha ananiandikia ujumbe mfupi: «Nipo.» Tangu hapo tuliandikiana kuhusu treni, aina zake, reli zake na namna injini za umeme zinavyofunga breki, na zipo siku ambazo aliandika sentensi mbili tu ndani ya nusu saa nzima. Mtu anayepima kazi kwa wingi wa maneno angesema hakuna kilichofanyika. Mama yake alitueleza kwamba ikifika saa tisa na nusu alikuwa ananawa uso, anaipanga meza yake na kukaa karibu na simu, na kwamba katika siku nzima hicho ndicho kipande cha muda ambacho hakumwuliza yeye nini kinafuata.

Vifurushi vya chakula navyo vilitufundisha jambo. Vijana wengi wenye usonji hula aina chache sana za vyakula, na uchaguzi huo si deko: ugumu au ulaini wa chakula, harufu yake, rangi yake, hata kifungashio chake, huweza kuamua kama kitaingia mdomoni au hakitaingia kabisa. Watu walipokimbilia madukani kununua kwa hofu na rafu zikabaki tupu, familia ambayo mtoto wake anakula vyakula vinne tu ilipoteza viwili kwa mpigo. Boksi lililojaa vitu vizuri alivyovichagua mtu mwingine halikumsaidia mtoto huyo. Kilichomsaidia ni mjitolea aliyezunguka kutafuta bidhaa ileile, yenye kifungashio kilekile, na kuifikisha mlangoni, na wakati mwingine ni mfadhili aliyekubali kutoa fedha taslimu ili mzazi ajinunulie mwenyewe anachokijua. Bado wapo wanaoona kwamba kuwapa walezi fedha mkononi ni kuzitia fedha hizo hatarini. Kwa familia hizi mimi naliona jambo hilo kinyume kabisa: mlezi ndiye mtaalamu, na anayemchagulia ndiye anayebahatisha.

Kisha zikaja barakoa. Mtu asiyesumbuliwa na mguso huivaa na kuisahau, ila kwa kijana ambaye hata lebo ya shati shingoni humkosesha utulivu, kamba zinazovuta masikio, joto la pumzi yake mwenyewe na harufu ya kitambaa kipya ni mateso ya kweli. Barakoa pia ilificha midomo na nusu ya uso wa watu, ikawanyima vijana ambao tayari wanapata shida kusoma sura za wengine ule msaada mdogo waliokuwa nao. Tulifuata njia ambayo walimu na wataalamu wa usonji wameizoea kwa muda mrefu: hadithi fupi ya picha, yenye sentensi nyepesi, inayoeleza nini kitatokea, kwa nini, na kijana anaweza kufanya nini. Mwalimu Mmarekani Carol Gray aliasisi hadithi za namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wakati wa janga mashirika mengi yalizitengeneza kuhusu kunawa mikono, kupimwa kwa kijiti cha puani, kukaa mbali na watu, na baadaye kuhusu chanjo. Barakoa yenyewe tuliifundisha kidogokidogo. Siku ya kwanza kijana anaishika tu mkononi. Baada ya hapo anaigusisha shavuni, kisha anaivaa kwa muda wa kuhesabu hadi tano na kuivua mwenyewe, kisha hadi kumi. Walezi waliokuwa na subira ya kutoruka hatua walifika mbali. Na wapo vijana ambao hawakuweza kabisa, nao walistahili kuheshimiwa hivyo.

Kuheshimiwa huko hakukuja kwenyewe. Katika nchi zilizoweka marufuku kali ya kutoka nje, kijana aliyezoea kutembea au kukimbia kila siku ili kutuliza mwili wake alifungiwa ndani kama wengine, na familia nyingi zilishuhudia mtoto akijipiga, akivunja vitu au akikosa usingizi usiku kucha. Walezi na mashirika yao walipaza sauti, na baadhi ya serikali zikasikia. Hispania iliruhusu mwezi Machi 2020 watu wenye usonji watoke wakiwa na msindikizaji. Nchini Ufaransa, Rais Emmanuel Macron alitangaza nafuu kama hiyo tarehe 2 Aprili 2020, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya kuhamasisha uelewa wa usonji. Uingereza nayo ililegeza masharti mwezi huohuo ili wenye usonji waweze kutoka zaidi ya mara moja kwa siku pale afya yao ilipohitaji hivyo.

Sheria ilibadilika, lakini macho ya majirani yalibaki palepale. Huko Hispania familia zilizotoka kwa kibali zilitukanwa na watu waliokuwa kwenye roshani, na baadhi yao wakaanza kuwafunga watoto kitambaa cha bluu mkononi ili watambulike na waachwe wapite kwa amani. Jambo hilo liliwagawa wazazi wenyewe, na mimi nipo upande wa waliolikataa, kwa kuwa mtoto hapaswi kuvaa ulemavu wake hadharani ili asitukanwe. Nafahamu pia kwa nini mama aliyechoka alikifunga kitambaa hicho, na simlaumu. Alama ninayoikubali zaidi ni ile ambayo mwenyewe anaichagua, kama utepe wenye alama ya alizeti ulioanza kutumika mwaka 2016 katika uwanja wa ndege wa Gatwick kwa wenye ulemavu usioonekana, na ambao wakati wa janga ulivaliwa na wengi wasioweza kuvaa barakoa. Shirika letu liliandika barua fupi ambazo familia zilizibeba mfukoni na kuzitoa pale tu zilipoulizwa na mwenye mamlaka ya kuuliza.

Hofu kubwa zaidi ya walezi ilikuwa hospitali, nayo haikuwa hofu ya bure. Nchini Uingereza, mwongozo uliotolewa tarehe 20 Machi 2020 na NICE, taasisi inayotunga miongozo ya tiba, uliwaelekeza madaktari kuwapima watu wazima kwa kipimo cha udhaifu wa mwili kabla ya kuamua kuhusu matibabu ya wagonjwa mahututi. Kipimo hicho kinaangalia kwa sehemu kubwa jinsi mtu anavyowategemea wengine katika shughuli za kila siku, na kwa kipimo hicho kijana wa miaka ishirini mwenye mapafu imara, anayesaidiwa kuoga na kuvaa, angeweza kuhesabiwa dhaifu kama mzee aliye karibu na mwisho wa maisha yake. Watetezi wa watu wenye ulemavu walilipinga jambo hilo mara moja, na tarehe 25 Machi mwongozo ukarekebishwa kwa kusema wazi kwamba kipimo hicho kisitumike kwa vijana, kwa wenye usonji wala kwa wenye ulemavu wa kujifunza. Siku 5 ni muda mfupi kwa taasisi kubwa kujirekebisha, na kwa hilo nawashukuru waliopinga. Nataka pia ikumbukwe kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika ibara yake ya 11 unazitaka nchi ziwalinde watu wenye ulemavu nyakati za hatari na dharura. Haki hiyo ilikuwa imeandikwa takriban miaka 13 kabla mtu yeyote hajasikia habari za virusi hivi.

Mashirika madogo hayaandiki miongozo ya tiba, lakini tulichoweza kukifanya tulikifanya: ukurasa mmoja kwa kila kijana, unaomweleza kwa daktari au muuguzi atakayempokea bila mlezi wake, kwa kuwa hospitali nyingi hazikuruhusu wasindikizaji. Ukurasa mzuri haukuanza na orodha ya utambuzi wa kitabibu. Ulianza na mambo kama haya: anaitikia jina lake la nyumbani kuliko la vyeti, akipata maumivu hacheki wala halii, bali huziba masikio, mwoneshe sindano kabla ya kumgusa, zima taa ya juu kama unaweza, anafahamu kila unachosema hata asipokujibu. Kuandika ukurasa huo pamoja na kijana na mlezi wake kulichukua jioni nzima, na naiona miongoni mwa kazi bora zilizofanywa na watu wa kujitolea katika kipindi chote kile.

Vijana wengine tuliowahudumia hawakuwa na usonji. Wapo waliokuwa wametoka karibuni katika makao ya kulelea watoto na hawakuwa na ndugu wa kufungiwa naye ndani, na wapo ambao nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa hatari. Mapema Aprili 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alizitaka serikali zikabiliane na ongezeko la ukatili majumbani lililofuatia marufuku za kutoka nje, na sisi tuliliona ongezeko hilo kupitia simu. Msichana anayeishi na anayemtesa hawezi kujibu swali la wazi huku mtu huyo amekaa chumba hichohicho. Tulijifunza kuuliza maswali yanayojibika kwa ndiyo au hapana, kupanga naye neno la kawaida ambalo maana yake ni «nipigie baadaye», na kutotuma ujumbe wowote ambao ungemponza akinyang'anywa simu. Kwa vijana hawa salio la simu na kifurushi cha intaneti vilikuwa na uzito sawa na chakula, na ilituchukua muda kuwashawishi baadhi ya wafadhili kwamba hiyo si anasa.

Sitakuwa mkweli nikisema kwamba kila kijana mwenye usonji aliteseka kwa kukaa nyumbani. Wapo waliostawi. Hakukuwa na kengele ya shule, hakukuwa na basi lenye kelele, hakukuwa na wenzao wa kuwadhihaki, na masomo yaliyofanywa kwa maandishi, kamera ikiwa imezimwa, yaliwapa baadhi yao nafasi ya kwanza ya kuonesha akili zao. Vijana hao walitueleza mengi kuhusu kile ambacho shule ya kawaida ilikuwa ikiwafanyia kila siku, na nasikitika kwamba shule nyingi zilirudi kama zilivyokuwa bila kuwauliza.

Kwa hao, na kwa wengine wengi, wakati mgumu kabisa ulikuwa ni kurudi. Utaratibu mpya wa nyumbani, uliojengwa kwa machozi, ulibomolewa tena, na safari hii jamii haikuwa na huruma, kwa sababu kila mtu alikuwa akisherehekea. Vijana waliokuwa wameanza kulala vizuri wakakosa tena usingizi. Wengine walikataa kutoka chumbani. Wapo waliokuwa wamepoteza stadi walizofundishwa kwa miaka na ikabidi waanze upya. Na wakati huohuo ndipo fedha zilipokatika. Misaada mingi ilikuwa imetolewa kwa jina la dharura, na kadiri dharura ilivyotoweka kwenye habari ndivyo michango ilivyopungua, mpaka Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya kimataifa imekwisha. Kwetu sisi, simu za walezi zilikuwa nyingi zaidi baada ya shule kufunguliwa kuliko zilivyokuwa zilipofungwa.

Fomu za wafadhili zilituuliza tumegawa vifurushi vingapi na tumewafikia watu wangapi. Hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba kijana yuleyule amepigiwa na mtu yuleyule kila juma, pasipo kukosa, kwa muda wote. Katika hesabu za fomu ile, mashirika yanayobadilisha watu wa kuwahudumia kila mwezi yanaonekana makubwa, na lile linalobaki na vijana wachache kwa miaka linaonekana limelala. Naamini jambo hili linaweza kurekebishwa bila fedha nyingi zaidi. Mfadhili anaweza kuuliza ni wangapi kati ya vijana wa mwaka jana bado mnao, ni wajitolea wangapi wamebaki na kijana waliyeanza naye, na mnawaandaaje vijana kwa siku ambayo msaada utabadilika au utakwisha. Swali hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, kwa kuwa kwa kijana mwenye usonji simu inayokoma bila maelezo ni afadhali isingeanza.

Katika shirika letu sasa hakuna mjitolea anayepangiwa kijana kabla ya kukubaliana naye kwa maandishi namna watakavyoagana: taarifa itolewe majuma mangapi kabla, nani atachukua nafasi yake, na siku ipi wote watatu watakutana ili kijana amwone mtu mpya akiwa pamoja na aliyemzoea. Kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya hospitali zinapitiwa kila mwaka, na vijana wawili wenye usonji wanakaa katika kamati inayogawa fedha, mmoja akizungumza na mwingine akiandika hoja zake kwenye kompyuta na kusomewa. Katika kikao cha karibuni huyu anayeandika aliuliza kwa nini fungu la dharura limewekwa kwa ajili ya miezi sita tu. Kamati ilijadili, na fungu hilo sasa lina sharti kwamba msaada wowote utakaoanzishwa wakati wa dharura utaendelea kwa mwaka mmoja zaidi baada ya shule kufunguliwa.